Pantoni Lililokosa Nta

Melkior wa Litapunga aliogopa vitu viwili hapa duniani: jembe, na mtu anayegawa majembe. Mwaka ule wa sabini na sita vyote viwili vilikuwa vinamtafuta kwa jina.

Amri ilikuwa imetoka kwamba mjini asibaki mtu asiye na kazi. Ndugu Makarius, katibu aliyekabidhiwa operesheni hiyo pale Mpanda, alizunguka na pikipiki na daftari akimwuliza kila mwenye mikono miwili huwa yuko wapi saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa na kazi, fundi baiskeli karibu na stesheni, ingawa Makarius alizitazama spana zangu mbili kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Melkior hakuwa na hata spana. Alipoulizwa anafanya kazi gani alijibu kwamba anashughulika. Makarius akaandika "anashughulika", akapiga mstari chini yake, akampa barua. Ifikapo tarehe mosi aonyeshe kazi inayoonekana kwa macho, la sivyo apande lori la kwenda Sibwesa, ambako ekari mbili za mahindi na jembe jipya vilikuwa vinamngoja.

Mtasema jembe si kifo. Ni kweli, sisi sote wa huku tumelelewa na jembe na mama zetu walilishika mpaka siku ya kujifungua. Lakini Melkior alikuwa amelikimbia tangu utotoni, tena kwa bidii ambayo angeipeleka shambani angekuwa tajiri wa tarafa nzima. Usiku wa kupokea barua ile hakula. Asubuhi akaja kukaa kwenye benchi la karakana yangu, akaniambia kwamba afadhali afungwe kuliko alime. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Wakati anasema hayo ndipo Bwana Ponsian alipoingia kujaza upepo kwenye gurudumu la Landrova yake. Huyu alikuwa mnunuzi wa nta na asali, na mjini tulimwita Mzani, kwa sababu mzani wake ulikuwa na tabia ya kutoamini kilo za watu. Mrina asali angetembea siku tatu kutoka porini na kilo ishirini za nta, mzani wa Ponsian ungeona kumi na nne. Sasa alikuwa amenunua Landrova kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na kutwa nzima alikuwa akiizungusha mjini bila safari.

Siku ile alikuwa na malalamiko. Alitaka kwenda Zaire kuleta vitenge, maana wanawake wa Mpanda walikuwa wanagombania hata kipande cha kufungia kichwa. Lakini kwa gari ilibidi apande mpaka Kigoma, aingie Burundi, auzunguke ufuko wote wa ziwa, apite mipaka miwili yenye askari wenye njaa. Akapiga boneti kwa kiganja akasema ng'ambo si mbali, ni pale tu mbele ya ufuko wa Karema, ila gari halijui kuogelea.

Nikaona Melkior amenyoosha mgongo.

"Kwani wewe Bwana Ponsian hujasikia habari za pantoni?" akasema taratibu.

Naapa kwamba dakika moja kabla ya hapo pantoni hilo halikuwepo popote. Lilizaliwa mbele ya macho yangu, kwenye benchi langu, na lilipozaliwa lilikuwa tayari la chuma, lenye nafasi ya magari sita na kengele. Melkior alisema liko ng'ambo, limeletwa mahususi kuvusha magari ya wasafiri kuja Karema, ila limekwama. Misumari yake inavuja. Wataalamu wamejaribu lami, wamejaribu mpira, maji bado yanaingia. Mwisho wakakata shauri kwamba linalofaa ni nta, na tena si nta yoyote.

"Nta ya wapi?" Ponsian akauliza.

"Ya Mpanda. Nyuki wa kule ng'ambo ni wavivu, nta yao haishiki."

Hapo ndipo alipotushika wote. Mgeni angecheka, angeuliza maswali. Lakini sisi wa Mpanda tumeona nta ikiziba kila kitu: kibuyu kilichopasuka, mzinga, ngoma, bati linalovuja, hata jino la babu yangu. Mtu akituambia kwamba nta yetu inaweza kuziba pantoni, tunashangaa tu kwamba wamechelewa kulijua hilo. Halafu kumbuka kwamba reli inaishia kwetu. Tumezoea kuwa mahali ambapo treni inageuza. Kuambiwa kwamba bahari nzima imesimama ikitungoja kulituingia vizuri sana. Bahari tulikuwa tunaijua kwa chumvi yake na ziwa kwa samaki wake, migebuka, basi tukavihesabu kitu kimoja na kuona tunajua vya kutosha.

Ponsian aliuliza Melkior ameyajuaje hayo. Akajibiwa kwamba alikuwa karani wa bandari kwa miaka miwili. Miaka hiyo miwili tulimwona sokoni kila siku ya Mungu, lakini hakuna aliyekumbuka.

Masharti yalikuwa mepesi. Atakayetoa nta, gari lake litavuka la kwanza na halitalipa kitu. Nta ivushwe ng'ambo kwanza, pantoni lizibwe, kisha pantoni lenyewe lije Karema kumchukua mwenye nta. Yalitakiwa magunia manne. Ponsian akafuta vumbi kwenye boneti. Alikuwa anaviona vitenge, mimi nilikuwa namwona anaviona. Kisha akauliza swali moja la mwisho, kwa sauti ya mtu asiyejali jibu.

"Hiyo nta wanaichagua, au nta ni nta tu?"

Melkior, ambaye ujuzi wake wa nta ulikuwa sawa na ujuzi wake wa bahari, akajibu kwamba nta ni nta tu. Nawaomba mlikumbuke jibu hilo.

Kesho yake alitokea na kofia. Ilikuwa ya gadi wa treni aliyestaafu, ameing'oa beji na kushonea kifungo cha shaba. Akaanza kutembea akitanua miguu, na kila aliyemsalimu alimjibu kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo aliipata shuleni. Hakuna kati yetu aliyejua tezi ni nini wala omo ni nini, naye hakujua, lakini ilisikika kama imelowa maji, ikatosha.

Habari ikaenea. Watu wakaja kuandikisha. Namba moja ilikuwa Landrova ya Ponsian. Namba mbili ilikuwa ya Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, aliyeandikisha mkokoteni pamoja na maksai wawili wa kuuvuta. Namba tatu ilikuwa baiskeli yangu. Mniulize nilikuwa na safari gani Zaire. Sikuwa nayo. Niliogopa tu kubaki, wenzangu wakivuka. Kila mmoja alileta donge lake la nta, akapewa kibati chenye namba iliyotobolewa kwa msumari. Vibati hivyo nilivikata mimi mwenyewe kutoka kwenye makopo ya samli, bure, kwa kuahidiwa nafasi ya mbele. Nta yetu sisi wadogo ikajaza gunia la tano.

Makarius naye akafika. Alikuja na sura ya kumkamata mtu, akakuta foleni. Akamwuliza Melkior ndiyo kazi gani hii, naye akavua kofia akasema ni usafirishaji wa majini, ndugu. Katibu akaitazama ile foleni iliyonyooka, jambo ambalo operesheni yake ilikuwa haijapata kulifanikisha. Jioni ile ile akaandika taarifa kwenda mkoani, kwamba kwa juhudi za operesheni Mpanda imejipatia pantoni. Lakini barua ya Sibwesa hakuifuta; nakala yake ilibaki ndani ya daftari lake. Alisema atakuja Karema mwenyewe tarehe mosi, na akiliona pantoni ataichana barua mbele ya watu.

Hesabu ya Melkior ilikuwa fupi. Tarehe mosi angekuwa Zaire na magunia matano ya nta, mahali ambapo daftari la Makarius halisomeki. Angeuza nta, angefungua kiduka, na maisha yake yote asingeinamia ardhi tena isipokuwa ameangusha kitu.

Waliondoka tarehe ishirini na nane, watu watatu ndani ya Landrova: Ponsian kwenye usukani, Melkior pembeni na kofia, na nyuma, juu ya magunia, Verdiana mke wa Ponsian. Verdiana alikuwa binti wa warina asali, mama wa maneno machache, na ndiye aliyeshika funguo za ghala. Mumewe alimwambia abaki. Akajibu kwamba magunia yale yeye ndiye aliyeyafunga, ataona mwenyewe yanavyoondoka.

Walipopita Sibwesa walikuta wale waliotangulia kwa lori wamepangwa mstari shambani. Mmoja alimtambua Melkior akampungia jembe. Melkior akashusha kofia mpaka puani na hakuipandisha tena mpaka milimani.

Kisha barabara ikashuka, na ziwa likaonekana.

Mnielewe. Maji mapana kuliko yote aliyowahi kuyaona Melkior yalikuwa ya mto Katuma wakati wa masika, na hayo alivushwa mgongoni. Alitarajia kuona ng'ambo. Aliitafuta kulia, akaitafuta kushoto, hakuiona. Ponsian anasema nahodha wake aliivua kofia, akaivaa tena.

"Baba, ndiyo hii bahari uliyofanyia kazi miaka miwili?" Verdiana akauliza kutoka nyuma.

"Ndiyo hii, mama," Melkior akasema. "Imeongezeka."

Karema walimpata Anselmo, mvuvi mwenye boti la mbao lenye mashine. Melkior alimchukua pembeni wakapatana: ampeleke ng'ambo na magunia matano, ujira wake ni gunia moja. Anselmo alikubali haraka, maana nta alikuwa anaihitaji kwa boti lake mwenyewe.

Ponsian aliiegesha Landrova ufukweni, pua ikitazama maji, ili pasitokee mtu wa kudai kwamba alikuwa mbele yake. Aliuliza pantoni litatua wapi juu ya mchanga ule. Melkior hakuwa amelifikiria hilo, na kwa mtu wa kazi yake swali usilolifikiria ndilo linalohitaji jibu kubwa zaidi. Akapima ufuko kwa hatua, akachomeka vijiti, akatangaza kwamba lazima lichimbwe gati: njia ya upana wa hatua kumi na urefu wa hatua mia, ikatwe kwenye kile kilima cha mawe na iingie majini mpaka kiunoni. Bila gati pantoni haliji. Aliwaza kwamba kazi hiyo itawashughulisha hadi yeye atakapokuwa mbali, na alijipongeza kimoyomoyo kwa urefu wa zile hatua mia.

Asubuhi ya tarehe thelathini wakapakia. Verdiana alimpa karanga za njiani.

"Safari njema, nahodha," akasema. "Nta hiyo nzito. Nyie msije mkajiumiza migongo."

Haya ya ziwani nimeyapata kwa Anselmo, mtu asiyejua kupamba. Anasema nusu saa ya kwanza Melkior aliimba. Nusu saa ya pili alinyamaza. Baada ya hapo alilala kifudifudi akazirudisha karanga zote za Verdiana, punje kwa punje, huku akiahidi kwa Mama Bikira mambo ambayo Anselmo aliona haya kuyasikiliza.

Ufuko ulipopotea, Anselmo aliona maji yanaingia kuliko kawaida. Boti lilikuwa limelemewa, na ufa wa zamani ulikuwa umefunguka karibu na mashine. Hakushtuka. Alikuwa amekalia magunia matano ya dawa. Akafungua gunia lililo karibu, akachukua donge, akalivunja kwenye ukingo wa boti ili alilainishe.

Likamwagika vumbi jekundu.

Akachukua la pili. Udongo wa kichuguu. La tatu lilikuwa na nusu tofali, la nne gunzi la mahindi, la tano udongo tena, uliopigwa vizuri ukakauka. Juu ya kila moja kulikuwa na ngozi ya nta, nyembamba, ya kupendeza, inayonukia asali.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo watu wa Mpanda hatupendi kulieleza mbele ya wageni. Mzani wa Ponsian ulipozidi kuona kidogo, warina asali hawakwenda polisi. Walianza kuusaidia uzito. Unafinyanga donge la udongo, unalichovya kwenye nta ya moto mara tatu, unalikausha kivulini, na hapo mzani unaona vizuri. Ponsian aliyanunua madonge ya namna hiyo kwa miaka miwili bila kujua, mpaka mnunuzi wa Tabora alipopitisha waya wa moto kwenye donge moja, akamrudishia magunia manne kwa treni na maneno ya aibu. Magunia hayo yalikuwa yamekaa nyuma ya ghala la Verdiana, hayauziki, hayatupiki. Melkior aliposema kwamba nta ni nta tu, Ponsian alirudi nyumbani akakuta habari imemtangulia na mkewe ameshaanza kuyafunga. Waliona kwamba wenye pantoni watagundua, lakini watagundua Landrova ikiwa imeshavuka.

Na gunia la tano? Lile la sisi wanyonge, la mkokoteni na baiskeli? Kila mmoja wetu aliwaza kwamba wenzake watatoa nta safi, kwa hiyo lake moja halitaharibu pantoni. Anselmo anasema kwenye gunia hilo alikuta donge lenye pedali kuukuu ya baiskeli ndani yake. Hilo sitalisemea.

Melkior aliinuka, akavunja madonge yote, moja baada ya jingine, gunia baada ya gunia, akitafuta hata moja la kweli. Kisha akakaa chini kwenye tope jekundu akalia. Anselmo alidhani analia kwa hofu. Hapana, alilia kwa uchungu: alikuwa amedhulumiwa na watu aliowaamini kabisa kwamba ni wajinga.

Lakini maji hayakungoja amalize. Boti lilikuwa linazama, na lilikuwa linazama kwa kukosa nta. Uongo wake ulikuwa umemkuta katikati ya ziwa, umekamilika kila kitu, hata misumari inayovuja. Wakaumwaga udongo wote majini. Anselmo akamwamuru abandue zile ngozi za nta kwa kucha, na kutoka kwenye magunia matano ikapatikana nta ya kujaza kofia. Wakaisokota, wakaikanyaga kwenye ufa, ikashika. Nataka ijulikane kwamba ilishika. Nta ya Mpanda ni nta. Kisha kofia yenyewe ikawa ya kukombea maji, na Melkior akakomba huku Anselmo akigeuza boti kurudi Karema, maana alisema havuki ziwa kupeleka mtu asiye na ujira. Mashine ilikuwa imelowa ikazimika mara nyingi. Walipiga makasia kutwa na kucha.

Walifika siku ya pili, saa tisa alasiri. Ilikuwa tarehe mosi.

Ufuko ulikuwa umejaa watu. Landrova ilikuwa pale pale, imezama mchangani mpaka kwenye ekseli kwa kungoja. Ponsian alikuwa amesimama mlangoni, Verdiana amekaa kivulini mwa gari akichambua dagaa. Mbele ya wote alisimama Ndugu Makarius kando ya pikipiki, na nyuma ya kiti cha pikipiki, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kulikuwa na jembe jipya.

Melkior alishuka majini na kofia isiyo na sura tena. Alipita katikati ya watu mpaka kwa Ponsian, wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na shtaka dhidi ya mwenzake, zito, la haki kabisa, na hakuna aliyeweza kulitamka bila kujifunga mwenyewe. Melkior akisema alipewa udongo, ataulizwa aliuvunjia wapi na kwa nini. Ponsian akisema hakuna pantoni, ataulizwa alilipelekea nini.

"Wameipokea nta?" Ponsian akauliza kwa upole.

"Wameipokea."

"Wakasemaje?"

"Wameshangaa sana," Melkior akasema. "Wanasema hawajapata kuona nta kama ile."

Verdiana akainama zaidi juu ya dagaa, mabega yakimtikisika.

"Na pantoni?" Hii ilikuwa sauti ya Makarius. Barua ya Sibwesa ilikuwa mkononi mwake tayari. Aliuliza kwa wasiwasi kuliko kwa ukali, maana taarifa yake ilikuwa imeshafika mkoani na alishajibiwa kwa pongezi. Katika watu wote waliokuwa ufukweni siku ile, hakuna aliyelihitaji lile pantoni kuliko yeye.

Melkior aliliona jembe. Aliiona barua. Akageuka akaona vijiti vyake kwenye kilima cha mawe, na chini yake mikwaruzo miwili ambayo watu wa Karema walikuwa wameichimba kisha wakaenda zao kuvua. Akili yake, iliyolala siku mbili, ikaamka kwa mara ya mwisho.

"Limeshazibwa, ndugu. Liko tayari kabisa," akasema. "Linangoja gati tu. Nyie hamjachimba gati, lije litue wapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Mimi nimelirudia mara nyingi kichwani na sijaona mahali pa kulilaumu. Makarius akashusha pumzi ya mtu aliyetolewa kitanzini. Akafungua daftari, akatafuta jina, akakata neno "anashughulika". Akauliza gati lina ukubwa gani. Watu wakamtajia: hatua kumi kwa hatua mia, mpaka kiunoni. Akauliza ni nani anayelijua vizuri, kwa vipimo vyake vyote. Watu wakamwonyesha.

Akaichana barua ya Sibwesa vipande vinne, kama alivyoahidi. Kisha akaenda kwenye pikipiki, akafungua ule mpira wa baiskeli, akarudi.

"Hongera, ndugu," akamwambia Melkior. "Umepata kazi." Akamkabidhi jembe.

Alilichimba gati miezi saba. Makarius alikuja kila mwisho wa mwezi kupima hatua, maana mkoani walikuwa wanauliza. Kilima kile ni cha mawe kweli kweli, na Anselmo anasema mwezi wa kwanza Melkior alikuwa analia kila asubuhi kabla ya kuanza, kisha akawa analia mchana tu, kisha akaacha. Wavuvi wakagundua kwamba njia ile inafaa kupandishia maboti, wakawa wanampa migebuka. Mpaka leo wanaitumia. Imenyooka, haijabomoka, na mtu wa Litapunga aliyeiona alikataa kabisa kuamini imechimbwa na Melkior.

Ponsian aliing'oa Landrova mchangani kwa maksai wa Masalu, akaiuza mwaka uliofuata. Mzani wake ulirekebishwa na Verdiana, siku moja bila kelele, na tangu hapo madonge ya nta Mpanda yamekuwa mepesi na safi. Masalu alihama na ng'ombe wake kwenda bonde la Rukwa.

Kibati changu bado kimening'inia karakana, juu ya spana, kimeandikwa tatu. Wateja hukiona wakacheka, wakaniuliza kama bado ninangoja. Ninawaambia mimi si mjinga, najua mambo yote yalivyokwenda, nimeyasimulia mwenyewe mara ngapi. Ila gati lipo, nta tunayo, na wa kwanza ameuza gari na wa pili amehama. Kwa hiyo likija, wa kwanza ni mimi.